Papa, Ulikuwa Unasikia Nini Kwenye Kafi?

Papa yangu, mzazi wangu,

Huko kaburini kilimani ulikolala najua hakuna anayekuletea habari za ufukweni, basi nakuletea mimi. Kuna mashua imekuja ziwani kwetu, hapa Baraka, ina mashine wanayoiita sona. Inapiga sauti majini, sauti inagonga samaki na kurudi, na kwa mwangwi ule wanapima ukubwa wa samaki na kukisia wako wangapi. Ndivyo wanavyosema. Mimi sikuwaamini hata kidogo.

Nani anatoka mbali kuja kuhesabu ndagala, dagaa wa watu? Mdogo wangu Asukulu, aliyerithi mtumbwi wako, alisema wazi: "Hawa banatafuta petroli. Samaki ni kisingizio tu." Wengine walisema sauti yao inafukuza samaki, wengine kwamba wakimaliza watatufungia ghuba tufe njaa. Wavuvi wakakaa, wakaamua mtu mmoja apande mashua ile awachunge. Wakanichagua mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza.

Unakumbuka? Asubuhi tukienda kukagua nyavu, ulichovya kafi majini, ukaniwekea mpini wake sikioni. Wanaume walinung'unika kwamba msichana ataleta mkosi, wewe ukawacheka. "Nyamaza kwanza, sikia," uliniambia. Nikawasikia ndagala wakipita chini, kama mvua inayoanza kwenye majani ya muhogo. Nilikupenda sana siku ile.

Basi nikaazimia kuiumbua mashine yao. Niliwapeleka pale petu, pale ambapo jiwe jeupe la rasi ya Ubwari linakaa mbele na paa la kanisa linabaki nyuma sawasawa, mahali ambapo hukumwonyesha hata Asukulu. Nilijua samaki wako pale. Mashine ikisema hawapo, basi ni ya uongo, na mimi nitakuwa shahidi.

Msimamizi wao ni mama mmoja wa Uvira, mpole kupita kiasi, na upole wenyewe nilikuwa nauchunga. Kioo cha mashine kilionyesha vidoa vichache.

"Mama, hapa samaki hakuna," alisema. "Na hii kidogo tunaona, ni batoto tu."

"Mashine yenu inadanganya," nikamwambia. "Muzime moteri."

Wakazima. Nikaomba kafi, nikaweka mpini sikioni kama ulivyonifundisha. Nikasikia maji yakipiga ubavu wa mashua, basi. Nikahamia upande wa pili. Hakuna kitu, Papa.

Tangu hapo shaka yangu imewahama wale wageni, imekujia wewe. Mwaka wako wa mwisho ulikuwa unasikiliza pale muda mrefu, umeinamisha uso, kisha unatuambia samaki wamelala tu, wataamka: "Balilala. Kesho batalamuka." Kesho yake ukasema vilevile. Asukulu akashona wavu wa matundu madogo zaidi, na wewe hukumkataza. Ulikuwa unasikia nini? Nimekukasirikia, sikufichi. Ungetuambia wakati ule, labda tungewaacha wale wadogo wakue.

Tuliporudi walikuwa wamesimama wote ufukweni, wavuvi na wake zao, mabeseni mikononi.

"Yaya, mashine inadanganya, ao hapana?" Asukulu akaniuliza mimi dada yake.

Nikawatazama wale bamama na mabeseni yao matupu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Samaki balilala," nikasema.

Wakafurahi, Papa. Wakaenda kutengeneza nyavu zao, wengine wakiimba. Nilikaa kwenye mtumbwi wako mpaka miguu ikaingia ganzi, na hasira yote niliyokuwa nayo juu yako sikuiona tena ilikokwenda.

Kesho asubuhi, kabla hawajaingia majini, nitawaita niwaambie nilichosikia. Nitawaambia pia kwamba wewe ulikisikia kabla yangu. Watakusema vibaya, na mimi pamoja nawe. Tuvumilie wote wawili.

Lala salama, Papa.

Ni mimi, binti yako uliyemwekea kafi sikioni.