Kipande cha Sabuni, Nyongeza Yako

Kibondo, Alhamisi. Mvua haijakata tangu alfajiri, na mimi nimefunga duka asubuhi kweupe.

Nauza vyombo, na tangu watu waanze kuacha kuni, nauza pia vichwa vya gesi, kile kidude kinachounganisha mtungi na mpira wa jiko. Mzigo wa mwisho niliuchukua kwa mchuuzi mpita njia. Hauna jina wala alama ya ubora, na vinavuja kidogo. Nani hajui dawa yake hapa kwetu? Unalowanisha sabuni ya mche, unapaka, panaziba. Kila mteja nilimkatia kipande kama nyongeza, wakanisifu kwa ukarimu.

Ukarimu gani huo, jamani.

Leo nilipofungua tu, akaingia afisa wa viwango. Mgeni wa huku, mpole, na upole wake ndio ulioniogopesha. Aliona vipande vya sabuni kwenye boksi la vichwa, akauliza ni vya nini. Nikamweleza, tena kwa kujidai! Akachukua kichwa kimoja, akakinusa. Kisha akasema, "Kwa hiyo mama, ulijua vinavuja."

Akanielewesha kwamba kitu kikimdhuru mtu, na mimi nishindwe kumtaja aliyeniletea, sheria inanihesabu mimi ndiye mtengenezaji. Mimi, ambaye hata kifungo cha gauni nashonewa!

Alibeba vilivyobaki. Vilivyouzwa viko huko vijijini. Huku hatuulizani majina wala risiti, mtu anashuka gulioni, ananunua, anarudi kwao.

Ninayemjua ni mmoja, Skola wa Gwarama, mjamzito. Nikampigia.

"Mwakeye, mama!" akanisalimu kwa Kiha, kwa furaha. Nikamuuliza habari ya gesi. "Iko sawa. Juzi ilinisumbua harufu, nikaongeza sabuni. Sasa hata siisikii, na haya mafua. Ngoja nifunge dirisha, mvua inaingia, halafu nimwashie bibi chai."

Nilipiga kelele asiwashe. Simu ilikuwa imeshakatika.

Nimepiga tena na tena. Haipatikani.

Naandika huku namsubiri bodaboda anipeleke Gwarama na mvua hii hii. Naogopa, sitaficha. Ewe Mola, nifikishe. Na wewe unayesoma, kama ulinunua kwangu, tafadhali usiwashe, fungua milango, toa mtungi nje.

Wengi walionunua hawasomi blogu. Hao nitawafuata wapi?