Kemshafti ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Juni 2019
Marlys kakubali! Tangu goti lake lipasuliwe hajakalia kiti cha nyuma cha pikipiki yangu. Leo, akikaanga mayai, kaniambia tutakwenda wote Wyoming. "Lakini Orrin, safari hii ikinishinda, usiniombe tena maisha." Nikasema sawa. Nikaenda gereji kulia kidogo. Vumbi, bila shaka.

Jumatano, 5 Juni
Kwa fundi Lyle, kuchagua kemshafti mpya. Mbili zimelazwa juu ya gazeti, nami nazitazama kama bwana harusi. Mzee mzima! Ukiziangalia ni vyuma tu vya ndani ya injini, vina vinundu vya kufungulia vali. Lyle kasema ya kushoto inavuta tangu chini, nzuri kwa mizigo na milima. Ya kulia inalala mpaka uichape gesi, ndipo inaamka. Ila hata ukiwa umesimama inanguruma — dugu, dugu-dugu — kama pikipiki ya rafiki yangu Vern. Ya Vern hutetemesha bilauri za bia Ijumaa, tukila samaki baani.

Halafu akauliza, "Unapakia, au uko peke yako?"

Vern alikuwa mlangoni na kahawa yake. Nikausikia mdomo wangu ukijibu: "Peke yangu."

Ijumaa, 14 Juni
Imefungwa. Lo, sauti! Nimeegesha mbele ya baa na kuiacha ingurume zaidi ya ilivyohitajika. Watu wametoka na sahani mkononi. Vern: "Mzee, umeoa tena nini?" Nimecheka mpaka samaki akanipalia.

Marlys kauliza kama inavuta pia. Nikasema inavuta kama trekta. Hivi ulimi huu una mwenyewe?

Ningeweza kurudi kwa Lyle kesho. Lakini nitamwambiaje afungue injini upya kwa kuwa nimekumbuka nina mke?

Jumatatu, 17 Juni
Dakota Kusini, tambarare siku nzima. Pikipiki inaimba. Marlys kanigonga bega anionyeshe swala, kisha kasinzia mgongoni mwangu. Nina furaha hata naogopa.

Jumanne, 18 Juni
Milima ya Bighorn, Wyoming. Naandika kando ya barabara.

Mwinuko wa kwanza tu, injini ikachoka. Gia ya tatu — inakufa. Ya pili — inalia, haiendi. Lori la ng'ombe likatupita. La ng'ombe! Nikasimama. Nikaanza kulaumu hewa, petroli, mabegi.

Marlys hakubishana. Akampigia Lyle, walisoma darasa moja, simu akaiweka spika nisikie.

"Lyle, mashine yako imegoma mlimani."

"Mko wawili? Na mizigo?"

"Wawili, na mizigo."

"Marlys, mimi nilifunga ya mtu mmoja. Nilimuuliza mwenyewe. Akasema yuko peke yake."

Akamshukuru, akakata. Nikamweleza habari ya Vern, ya sauti, ya bilauri. Kila neno nazidi kujipalia makaa.

"Kwa hiyo ulinikana mbele ya Vern."

"Ni ujinga tu, mke wangu."

"Ujinga wako naujua, nimezaa nao watoto watatu. Hili ni jingine." Akashuka, akafungua mabegi, akayaweka chini. "Haya, panda mlima nikuone."

"Na wewe je?"

"Nina miguu." Na goti lile!

Nikapanda. Bila yeye injini ikaamka. Kona baada ya kona, ngurumo inagonga mawe na kunirudia — na Mungu anisamehe, nilifurahi. Mpaka nilipofika huku juu na kuzima.

Nikishuka, nitampandishaje? Nikingoja, mimi ni mume gani? Magari yanakuja moja moja. Hilo jekundu —

Limenipita. Marlys yumo, kiti cha mbele, helmeti kaipakata, anamsimulia dereva jambo. Mwanamke yule dereva anacheka mpaka anapiga usukani. Marlys kaniona. Kanipungia mkono, kwa adabu, kama mtu anavyompungia mgeni.

Kuwafikia naweza, mzigo sina. Ufunguo uko mkononi. Sijui nikiwafikia niseme nini