Vichupa Vitatu vya Usingizi

Buzuruga, Mwanza
16 Agosti, 1995

Kwa Dada yangu Bernadeta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji na watoto hapo Bukoba. Sisi huku tunapumua. Na neno hilo, dada, siku hizi silitumii kwa mazoea.

Baba bado yuko katika chumba cha wagonjwa mahututi. Ile sumu ya pamba aliyoinyunyiza bila kujifunika ilimlegeza kifua, na tangu Jumatatu ya juma lililopita mashine ndiyo inayompumulia, kwa mpira uliopitishwa kooni. Daktari Mbaruku alinieleza kwamba mtu aliye macho hauvumilii mpira ule, hivyo lazima apigwe sindano ya usingizi. Nikamwuliza kwa nini diazepam na si morfini, kwa nini usingizi mzito na si mwepesi. Alijibu kwa subira kwamba morfini ingemwondolea maumivu lakini ingeweza kumshusha presha, ambayo tayari ilikuwa chini. Na kwamba diazepam hukawia kutoka mwilini, ndiyo maana kila asubuhi huipunguza mpaka baba aweze kumbana daktari mkono anapoambiwa. Majibu mazuri mno. Yalinitia shaka.

Unajua dawa hospitalini siku hizi hazipatikani. Ndugu huzinunua kwenye maduka ya Nyamagana na kumkabidhi muuguzi. Mimi, niliyesikia mengi kuhusu dawa zinazopotea, nilizihifadhi mkobani mwangu na kumtolea muuguzi Dorotea kichupa kimoja kimoja, naye akisaini katika daftari langu. Alisaini huku akinitania, mimi mwanamume wa Kisukuma niliyetoka chuo kikuu, kwamba, ngosha, siku shahada yako ikimpumulia mzee, tutaizima mashine. Wenzake wakacheka. Sikusahau.

Tangu hapo nilimchunguza. Kwa nini baba alale hata saa ya kuwatazama wagonjwa? Kwa nini yeye apate nafasi ya kufuma kitambaa? Nilisoma maktabani kitabu kilichosema dawa ile huweza kudhoofisha pumzi. Nikahitimisha kwamba wanamlaza baba ili wapumzike wao.

Ijumaa baba aliamka, akapambana na mashine, akaung'oa mpira. Damu ilimtoka kooni. Walihangaika karibu nusu saa kuurudisha. Nikamwandikia mganga mkuu kwamba Dorotea ameiruka sindano. Daftari langu, lisilo na saini yake siku hiyo, ndilo lililomhukumu. Amesimamishwa kazi.

Sasa nikuambie nisilomwambia hata mama. Siku ile Dorotea alinijia mara mbili kuomba dawa. Nilimjibu, nikiwa nimesimama kando ya kitanda cha baba, kwamba zimekwisha. Alinisihi nikimbilie mjini. Nikaenda kuketi kwenye benchi nje. Vichupa vitatu vilikuwa mkobani.

Leo asubuhi usingizi ulipunguzwa. Daktari alimwambia baba ambane mkono kama anasikia, akambana. Nilipompa wangu, alikikunjua kiganja. Daktari alisema ni uchovu. Mimi najiuliza: nilipotamka kwamba zimekwisha, baba alikuwa amelala kiasi gani?

Barua nyingine kwa mganga mkuu nimeipeleka kabla ya kuandika hii, pamoja na vichupa vyenyewe, ili nisipate nafasi ya kubishana na nafsi yangu. Ukija, dada, pitia kwanza Buhongwa kwa Dorotea uniombee radhi. Mimi hakunifungulia mlango.

Mama anakusalimu sana, nawe umsalimie shemeji. Wapakate watoto kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Venant Shimba