Nimeivua Minyororo Mwenyewe

Jumamosi, jioni. Asubuhi mvua ilinyesha, kisha jua likatoka kama vile halina habari. Nina mchanga hadi masikioni, na moyo umetulia.

Leo tulikuwa tunaamua roboti yetu itembelee nini kwenye mashindano ya vyuo: magurudumu, au minyororo kama ya kifaru. Jumatatu mkufunzi anaikagua, na akishaikagua hakibadilishwi kitu. Tuko wawili, mimi na Bukuru, tunasoma wote chuo cha ufundi. Yeye ndiye anayeshika rimoti, na anataka magurudumu. Mimi nataka minyororo, kwa sababu niliitengeneza mimi.

Basi, nimeshasema.

Niliiunga kwa cheni za baiskeli, kila pingili nikaifunga kipande cha tairi kuukuu. Chuoni kila aliyeiona alisimama, hata wale wanaopenda kuniuliza kama nimepotea njia ya kwenda darasa la ushonaji. Ningeanzaje kuivua?

Tukashuka ufukweni Bangwe kujaribu. Kwa magurudumu, roboti ilifika kwenye mchanga laini ikajichimbia, ikabaki inazungusha tu. Kwa minyororo ilipita bila wasiwasi, na mgongoni imebeba ndoo ya kokoto tuliyoipakia kupima nguvu zake. Nilipiga vigelegele. Bukuru akageuka kutazama ziwa.

Shida ikawa kona. Minyororo haikati kona, inajiburuza, na kila ilipogeuka ilirusha mchanga. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akapaza sauti: "Wanangu, hilo dude lenu ligeuzieni huko! Dagaa wa mchanga nitamuuzia nani?" Tukamwomba radhi, tukasogea mbali. Huko mnyororo wa kushoto ukachomoka. Tukaurudisha, ukachomoka tena. Betri nayo ikaanza kuishiwa chaji.

Nilikuwa nimeshajiandaa kugombana. Maneno nilikuwa nayo tayari, mengine makali kweli. Lakini Bukuru alikaa chini, akawa anatoa mchanga kwenye cheni kwa mswaki, akasema, "Rehema, tubaki nayo tu. Nitajifunza kukata kona pana. Umeihangaikia sana hii."

Nikachuchumaa karibu naye.

Hakusema ni bora. Alisema nimeihangaikia. Na uwanja wa mashindano wote tunaujua: ni sakafu tupu yenye nguzo za kuzunguka, mchanga ni kipande kifupi tu. Nikachukua spana nikaanza kulegeza nati. Bukuru akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ashike upande wa pili.

Magurudumu tukayavisha mpira wa tyubu ili yasizame sana. Roboti ikapita mchangani kwa kuhemahema, lakini ikapita, na kona ikazikata zote. Nililia kidogo. Halafu tukanunua mihogo ya kukaanga, tukala tumekaa juu ya mtumbwi, tukicheka jinsi yule mama alivyotufukuza.

Nimefurahi. Sikutegemea, lakini nimefurahi.

Minyororo nimerudi nayo nyumbani, nimeitundika ukutani juu ya kitanda changu. Sasa hivi mama ameingia, ameitazama, ameuliza hizo cheni ni za baiskeli ya nani. Nimemwambia ni kazi ya mikono yangu.

Bado amesimama hapo, anagusa pingili moja moja. Hajauliza inafanya nini.