Jina Lililofunikwa la Mtoto wa Akidor

Nakwamekwi,
Lodwar.
18 Februari, 2013

Mpendwa mjukuu wangu Nakuleu,

Nakusalimu, ejok. Ejok tena, na nyingine ya huyo aliye tumboni. Umeamkaje huko kwenye barafu? Unakula? Miguu imevimba? Na mumeo Firmin anakusaidia kazi, au bado anapiga pasi mashati yake tu? Mimi mgongo unauma, macho yanaona, na meno yaliyobaki yanatosha nyama laini. Mungu anatushika.

Anayeniandikia ni Rael, yule jirani muuguzi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe maneno. Simu nimeikataa kwa sababu yangu inapiga kelele na wajomba zako husikia kila kitu, na hili si la wote. Barua ataibeba dada ya Firmin. Jina lake limetoka kwenye orodha ya wakimbizi wa kambi ya Kakuma wanaoletwa huko kwenu, anapanda ndege wiki ijayo. Mpokee vizuri, ni mtoto mwenye adabu.

Hapa ni jua na magari ya uchaguzi. Kila mgombea ananiita mama, na hakuna hata mmoja aliyeniletea maji.

Sasa ile karatasi uliyomtumia Rael kwenye kompyuta ya kazini. Unatafuta majina ya wazee wetu waliokufa, ili mtoto akizaliwa tumwitie moja moja, naye achague lake kwa kushika titi. Hilo ni jema, nami nilifurahi kwamba hukutupa desturi. Ukaandika jina la baba yangu, Lomorukai wa Lokiriama, kwenye huo mtandao wa koo, ukakuonyesha mtu usiyemjua: Akidor, binti Lomorukai. Chini yake mtoto wa kiume, jina limefunikwa, amekufa 1998. Mengine yote yamefungwa mpaka ulipe, tena kila mwezi, kama kodi ya nyumba. Unaniuliza ulipe au usilipe.

Akidor ni mdogo wangu. Hukuwahi kumsikia kwa sababu mama yangu alikataza atajwe. Wavamizi kutoka ng'ambo ya mlima walimchukua pamoja na mifugo, akiwa msichana mdogo anayechunga. Tulimtafuta, tukamlia, tukanyamaza. Kumbe aliishi. Alizaa. Rael ni shahidi wangu, nilicheka peke yangu hapa kwenye mkeka.

Halafu nikamuuliza Rael, hiyo 1998 ndio mwaka gani? Mimi miaka naijua kwa majina yake. Akaniambia ni ule mwaka mvua ya El Nino ilipoisha. Kicheko kikakoma.

Mwaka huo ndio babu yako Asekon, ndugu yangu, alipovuka mlima na wenzake kulipiza, akarudi, akachanjwa zile chale za bega la kulia. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unazipapasa ukidhani ni mapambo. Nakwambia leo kwa sababu wewe ni mama wa mtu sasa: mwanamume wetu huchanjwa hivyo akiwa ameua adui.

Umeona ninachoogopa? Najua waliokufa kule mwaka ule ni wengi. Lakini hofu haitaki kuelezwa. Kama huyo aliyefunikwa jina ndiye yule, basi mjomba ameua mpwa wake, na dada yangu alimzika mtoto aliyeuawa na kaka yake mwenyewe. Tangu siku hiyo chakula ni udongo mdomoni. Pikipiki ikisimama nje, najua ni watu wa Akidor wamekuja kuuliza.

Nilimwambia Rael akuandikie usilipe, yaliyofungwa uyaache yamefungwa. Akaandika vizuri, nikaichana hiyo barua. Nikaenda kwa Asekon huko mtoni, anakochunga.

"Yule wa bega lako," nikamwambia, "alikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Dada, umezeeka vibaya. Watu huulizia mbuzi kwanza."

"Mbuzi nawaona. Nijibu."

"Kijana. Ndevu hazijaota."

Nikamweleza karatasi yote. Alikaa tu kwenye kigoda chake. Mbuzi wakatawanyika hadi kwenye shamba la watu, na Asekon huyu, ambaye humtukana mbuzi akigeuza shingo tu, hakuwaita.

"Huyo msichana wako alipe," akasema.

"Na akikuta ndiye?"

"Nimembeba miaka hii yote simjui jina. Kama ni wa Akidor, nataka jina lake."

"Watakuja kudai damu."

"Waje. Na wewe acha kutetemeka, utanitetemesha na mimi."

Nakuleu, sikuwahi kumwona ndugu yangu akiogopa. Mikono yake aliikalia ili nisiione.

Basi lipa. Lipa mwezi mmoja, usome, ufunge. Usimwandikie bado huyo mtu aliyeweka majina yale, hata akikuandikia yeye. Tazama kama Akidor yuko hai, kwa sababu jina la aliye hai haliitwi juu ya mtoto mchanga. Kisha tazama huyo kijana alikufa wapi na kwa nini. Kama ni ugonjwa, nitachinja mbuzi wa shukrani. Kama ni risasi, usinifiche kwa sababu ya uzee wangu, na usitafute maneno laini.

Piga simu ya Rael, si yangu, Jumapili baada ya ibada. Asekon atakuwa ameketi hapa. Anza na jina la kijana. Salamu tutasalimiana baadaye.

Nisalimie Firmin, mwambie nampenda pamoja na mashati yake. Nisalimie dada yake akifika. Mama yako anakusalimu, Rael anakusalimu, na Asekon pia, ingawa hakusema. Mungu akufunike wewe na huyo mtoto, njia yake ya kutoka iwe pana, akute maziwa yanamngoja, na yale tuliyoyafanya sisi kabla yake yasimguse hata ukucha.

Ni mimi nyanya yako nikupendaye,
Akoru

(Hiyo ni alama ya kidole changu mwenyewe, kwa wino wa Rael.)