Pikapu Iliyogoma Igawa

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Uyole hatujambo, na viazi vimestawi. Umeuliza kama vumbi la huko kwako Ipogolo ndilo linaloizuia pikapu niliyokuachia isiwake.

Ujanani mwangu nayo iligoma kila asubuhi. Mafundi walisema ni baridi ya Uyole, basi nikawa naifunika blanketi kama mtoto. Siku moja ikagoma Igawa, saa saba mchana, jasho likinitoka. Baridi gani tena? Nikafuata waya mnene wa betri mpaka ulipofungwa kwenye bodi: kutu tupu! Nikaikwangua kwa kisu cha kumenyea viazi, nikakaza nati, nikapiga stata. Ikawaka mara moja! Wanaume waliokwisha kukunja mikono ya mashati wasukume, nikawapungia mkono.

Liache vumbi la watu. Chukua kisu.

Bibi yako