Jumuiya Inakuja Alhamisi Kumpa Pole Bobi

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo jumuiya nzima inakuja chumbani kwangu kumpa pole mbwa. Mama yangu alifariki mwezi wa tatu kule Makumira akaniachia mbwa wake, Bobi, na kwa kuwa nafanya kazi mjini nikaanza kutafuta chumba cha kukaa naye, Sakina nikakataliwa, Njiro nikakataliwa, kila nikitaja mbwa mwenye nyumba anafunga geti, mpaka dalali wangu Solomoni akaniambia, "Sista, mbwa usimtaje kabisa, utamwingiza baadaye," nami nikamsikiliza, nikapata chumba kizuri Lemara kwa Mama Elirehema, na Bobi nikamwingiza mwenye nyumba akiwa ibadani.

Bobi habweki, shida yake ni moja tu, mama alikuwa mwalimu wa kwaya na mazoezi yalifanyika sebuleni kwetu, kwa hiyo Bobi akisikia wimbo wa kanisani naye anainua shingo na kuimba, sasa wiki iliyopita jumuiya ilisali kwa Mama Elirehema, ukuta mmoja na mimi, wakaanza kuimba na Bobi akaanza. Mama Elirehema akaja mlangoni, "Joyce, nani analia humo?" Kwa woga nikajibu ni binamu yangu Sinyati, amefiwa na mume, ilhali shemeji yu mzima shambani kwake. Akashika kifua, "Maskini!" Tangu siku hiyo ananipa uji mlangoni asubuhi na jioni, Bobi anaumaliza wote, na jumuiya wameshakusanya sukari, unga na khanga za mfiwa. Nihame? Nimrudishe Bobi Makumira ambako hakuna mtu tena? Siwezi kumtupa, mshauri. Nifanyeje?

Joyce, Lemara

Marahaba, Joyce. Nimecheka, nisikudanganye, mwongo mmoja kwenye ukurasa huu anatosha. Kisha nikakasirika. Mwanamke mzima unamuua mume wa binamu yako, naye yuko hai anapalilia mahindi! Na huyo Solomoni aliyekufundisha, Alhamisi hutamwona. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye bakuli la uji.

Sasa sikiliza. Leo hii nenda kwa Mama Elirehema, na usiende peke yako, mchukue mama mtu mzima wa jumuiya ambaye anamheshimu. Rudisha bakuli. Mwambie, "Mama, nilikudanganya, aliyelia ni mbwa wa marehemu mama yangu." Dalali usimtaje. Mwoneshe cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na kama huna, anzia kwa daktari wa mifugo. Ahidi banda la nje na uwanja kufagiliwa kila asubuhi, mwandikiane. Akikataa, nyumba ni yake, usinune: omba mwezi mmoja utafute kwingine. Jaribu kule Usa River kwenye viwanja vipana, wapo wanaofurahi kupata mlinzi, na safari hii neno lako la kwanza liwe "nina mbwa".

Ila kuna jambo umelipita mbio. Bobi umemwandikia barua nzima, mama yako umempa nusu mstari. Jumuiya hawajakosea mlango, mwanangu. Mfiwa yumo humo chumbani, wamepewa jina lisilo lake tu. Waombe waje Alhamisi hivyohivyo, na wakianza kuimba, kaa chini na Bobi, mlie wote wawili.

Mama Namnyaki